Glavu ya roboti kwa mkono uliopooza: miezi saba nayo nyumbani Pumwani

Kila siku baada ya swala ya alfajiri kwetu kuna mlio, vuuu, halafu fyyy, halafu vuuu tena, mpaka jirani wa upande wa pili wa ukuta alikuja kuniuliza kwa upole kama kuna kitu kimeharibika. Hakuna kilichoharibika, ni glavu. Ni ile glavu ya roboti ya mkono uliopooza baada ya kiharusi, mume wangu anaivaa mkono wa kulia, na tangu watu wajue tunayo haipiti wiki sijasimamishwa njiani, huyu babake amepata stroki, yule mamake mkono umekunjana, na wote swali lao ni moja, inafanya kazi ama ni pesa za kutupa. Jibu langu ni refu na kulieleza nimesimama juani na kikapu siwezi, ndo maana nimekaa nikaandika.

Inafanya kazi, lakini kazi yake si ile wanayokwambia dukani.

Mzee wangu ni fundi wa viatu soko la Kariokor hapa Nairobi, makubadhi na ndala za ngozi, zaidi ya miaka 20 kwenye benchi moja. Mwaka jana mwezi wa pili presha ilimpanda akaanguka bafuni, na kilichoumia ni upande wa kushoto wa ubongo, kwa hivyo mwili ukalala upande wa kulia na maneno yakapotea pia. Mguu ulirudi mapema, miezi mitatu alikuwa anatembea na bakora mpaka msikitini. Maneno yakaanza kurudi moja moja. Mkono ukabaki. Mwanzo ulikuwa umelegea kabisa, unaning'inia tu, halafu baada ya wiki kadhaa ukaanza kukaza, vidole vikajikunja ndani, gumba likaingia chini ya vingine, ikawa ngumi ambayo yeye mwenyewe haifungui na mimi nikiifungua inajifunga tena. Kucha zilikuwa zinamchoma kiganja. Mnisamehe kusema hivi lakini wanaouguza wataelewa, kile kiganja kilikuwa na harufu, manake hewa haiingii na jasho linakaa mle mle, na mtu msafi aliyezoea kutawadha mara tano kwa siku alikuwa anageuza uso pembeni nikimwosha.

Fizio wetu, yaani mtaalamu wa mazoezi ya viungo, ni mzuri sana, sina neno juu yake, lakini miadi ni mara mbili kwa mwezi, matatu mbili za kwenda na mbili za kurudi na mtu wa bakora, unakaa foleni tangu asubuhi, ukiingia ni nusu saa na humo ndani kuna mguu, kuna bega, kuna kusimama, mkono unapata dakika chache. Na si sisi peke yetu. Binti yetu ako chuo, alinitafutia utafiti wa 2009 ambapo watu walikaa wakahesabu vikao vya wagonjwa wa kiharusi huko Marekani na Kanada, kwa wastani mkono ulifanya mazoezi ya kazi halisi mara 32 kwa kikao. Mara 32 tu, na ni nchi zenye vifaa. Na ubongo ukitaka kutengeneza njia mpya kando ya pale palipoumia unataka kurudiarudia kitu kile kile mamia ya mara, leo na kesho na kesho kutwa. Mi nilikuwa namfungua vidole kwa mkono, nikifika mara ya thelathini vidole vyangu mwenyewe vinauma na bado sijapika. Hapo ndo wazo la mashine likaingia, manake mashine haichoki.

Tulilipa shilingi 18,500 kwenye duka la vifaa vya hospitali mjini. Mtandaoni nilikuwa nimeona ya 11,000 na nusura nilipe, nikamuonyesha fizio picha akaniuliza, mama, kwenye hiyo boksi kuna glavu ngapi? Nikaangalia, ni moja. Akasema tafuta yenye mbili. Kumbe ziko za aina hizo, zenye glavu ya mkono mgonjwa peke yake, na zenye glavu ya pili ya mkono mzima, na tofauti yake ntaieleza hapo chini manake bila hiyo ya pili nisingeandika hata mstari mmoja wa kusifu. Pesa zilitoka kwa chama changu cha kuchangiana, kwa watoto, na mafundi wenzake wa Kariokor walichanga bila kuombwa, Mungu awalipe. Bima upande huu haikutusaidia.

Sasa nifike nyumbani nifungue boksi, nakuta glavu ni ya mkono wa kushoto. Na nilisema kulia mara mbili, nikaonyesha na mkono. Kesho yake nikarudi, kijana ananiambia kitu kikishafunguliwa hakirudishwi, nikakaa kwenye kiti chao pale pale mlangoni mpaka mkubwa wao akaja, wakanibadilishia lakini wakanitoza 1,000 juu ambayo hadi leo sijaambiwa ilikuwa ya nini na risiti yake sikupewa. Iliniuma. Kwa hivyo tafadhali fungua boksi hapo hapo dukani, uvae wewe mwenyewe uone gumba linaangalia wapi. Na saizi usikisie, pima kutoka mkunjo wa kifundo cha mkono mpaka ncha ya kidole cha kati, na kama vidole vimekunjana pima ule mkono mzima, mikono miwili ya mtu mmoja hailingani sana lakini inakaribiana. Mzee anavaa L. Ikiwa kubwa vidole havifiki mwisho na mashine inavuta kitambaa tupu.

Chenyewe ni kisanduku kidogo cha ukubwa wa redio ya mkononi, kina pampu ndani na skrini mbele, halafu inatoka paipu nyembamba inayogawanyika mara tano, moja kwa kila kidole. Mgongoni mwa kila kidole cha glavu kuna mrija mweusi wenye mikunjomikunjo, kama ile sehemu ya mrija wa soda inayopinda. Pampu ikisukuma hewa, mrija unarefuka, na kwa sababu uko mgongoni mwa kidole basi kidole kinalazimika kukunjika. Pampu ikifyonza hewa, mrija unafupika na kuvuta kidole kinyooke. Ni hivyo tu, hakuna chuma wala mota inayomgusa mtu, na hiyo ndo ilinipa moyo wa kuinunua manake nilikuwa naogopa kitu cha kumvunja kidole nikiwa jikoni.

Lakini hebu liangalie hilo jambo la kufyonza, manake ndipo penye siri. Kusukuma hewa unaweza kuongeza nguvu, kufyonza kuna mpaka, ukishatoa hewa yote imeisha huna zaidi. Maana yake hii mashine ni hodari wa kufunga mkono na ni dhaifu wa kuufungua, wakati mgonjwa wako kufunga tayari amefunga, anachotafuta ni kufungua. Wiki ya kwanza nilimvalisha akiwa amekaza, nikawasha, ikafyonza weee, vidole vikasogea labda nusu inchi, halafu ikasukuma ikamfunga ngumi ngumu kushinda ile ya mwanzo. Nikapiga simu kwa fizio nikiwa karibu kulia, naona 18,500 zinaenda.

Akaniambia nimpeleke, na mambo aliyonionyesha siku hiyo yana thamani kuliko hiyo mashine yenyewe. Usivute vidole kutoka mbele. Kwanza mkalishe, mkono juu ya meza na mto chini ya kiwiko, bega limeegemea limetulia. Halafu shika kifundo cha mkono ukikunje kwenda chini taratibu, kiganja kinaangalia upande wa mwili, utaona vidole vinaanza kulegea vyenyewe bila kuvutwa, ni kano zinapata nafasi. Hapo toa gumba kwanza, lishike pale chini kwenye nyama usilishike ncha, lizungushe nje polepole, gumba likitoka vidole vingine vinne vinafuata kama kondoo. Ukishavifungua ndo unarudisha kifundo juu kidogo kidogo huku umevishikilia. Mi nilikuwa napigana na huo mkono miezi yote hiyo na kumbe kuna mlango wa kuingilia. Siku hizi kumvalisha ni dakika nne, mwanzo ilikuwa ishirini na wote wawili tumetoka jasho. Tena huwa namfungua hivyo mara kumi kabla ya kuwasha, mkono ukishalegea ndo glavu inaweza kunyoosha. Kwa wale ambao mkazo ni mkali zaidi, fizio alisema daktari ndo wa kuangalia, kuna dawa na kuna sindano za kulegeza misuli, glavu pekee haitashinda huo mkazo.

Ina modi tatu. Ya kwanza inakunja na kunyoosha vidole vyote yenyewe, wewe umekaa. Ya pili inafanya kidole kimoja kimoja. Ya tatu wanaiita ya kioo, na hapo ndo ile glavu ya pili inavaliwa mkono mzima, ina sensa, yaani vihisio vya mwendo, ndani kwenye kila kidole na waya unaoingia kwenye kisanduku, mkono mzima ukifunga na mgonjwa unafungwa, mzima ukifungua na mgonjwa unafunguliwa.

Mwezi wa kwanza na nusu tulikosea. Nilikuwa namuwekea modi ya kwanza dakika 20 asubuhi, 20 jioni, yeye anaangalia taarifa ya habari, mashine inaendelea na shughuli yake, mi napika. Nikidhani tunafanya mazoezi. Faida ilikuwepo siwezi kukataa, vidole vililainika, uvimbe wa mgongo wa mkono ulipungua, kiganja kikaanza kukauka na ile harufu ikaisha, na hilo peke yake lilimrudishia heshima yake mbele ya watoto. Lakini ukitoa glavu ukimwambia fungua, hakuna kitu. Hata kutetemeka hamna.

Nikamuuliza fizio mbona mkono hauamki. Akaniuliza, anapokuwa ndani ya glavu, mzee mwenyewe anafanya nini? Nikasema anaangalia tivi. Akamgeukia yeye akamwambia, Mzee, hiyo glavu ukiiacha ikufanyie kila kitu, ubongo wako unakaa kama abiria, haujui kuna safari. Mashine ikianza kufungua na wewe fungua, kwa nguvu zako zote, hata kama unaona hakuna kinachotoka. Usiangalie tivi, angalia mkono.

Nikarudi na hilo kwa binti yetu, akaenda akasoma, akaniletea habari ambayo ingekuwa imeandikwa kwenye boksi pengine wasingeuza nyingi. Uingereza walifanya utafiti mkubwa wa roboti za mkono kwa watu wa kiharusi, watu 770, ukatoka kwenye jarida la Lancet mwaka 2019. Roboti yao haikuwa glavu kama yetu, ilikuwa MIT-Manus, ile ya mezani iliyotokana na kazi ya chuo cha MIT, dakika 45 mara tatu kwa wiki kwa wiki 12. Mwisho wake waliotumia roboti hawakuwa na mkono wa kazi bora kuliko wale waliopata matibabu ya kawaida. Niliposikia hivyo moyo ulianguka kidogo. Halafu nikafikiria, basi mashine nzuri vile, ya gharama vile, na wataalamu wamesimama hapo, bado haikutosha peke yake, sembuse kisanduku changu cha 18,500 kinachofanya kazi mbele ya taarifa ya habari.

Kuna nyingine inaitwa MyoPro, ya kampuni ya Myomo ya huko Massachusetts, hiyo inavaliwa kwenye mkono mgonjwa, kuanzia kiganjani hadi juu ya kiwiko, ina sensa zinazolala kwenye ngozi kusikia ule umeme mdogo wa misuli, yaani mtu akijaribu kukunja hata kama mkono haujasogea, mashine inasikia lile jaribio na mota inammalizia. Asipojaribu, haisogei. Bei ni maelfu ya dola kwa hivyo kwetu tumeishia kuiangalia kwenye vidio, lakini ilinifungua macho kwamba hata wale wenye pesa wanachonunua ni mashine inayomsubiri mtu ajaribu kwanza. Yetu haijui kama umejaribu ama umelala. Kwa hivyo huko kujaribu ilibidi tutafute namna ya kuingiza sisi wenyewe.

Na namna aliipata yeye. Tulihamia modi ya kioo, mkono wa kushoto unaongoza, na nikamwambia tuhesabu pamoja, manake fizio alisema kuhesabu na sala na maneno ya mazoea mara nyingi hubaki hata mtu akipoteza maneno mengine. Nikaanza moja, mbili, tatu, naye ananifuata kwa shida. Ghafla akanyamaza, akaangalia ule mkono wa kulia, akasema Subhanallah. Wazi kabisa, bila kukwama. Akafunga mkono wa kushoto, glavu ikafunga wa kulia. Akafungua, Subhanallah. Nikaelewa. Yule ni mtu ambaye maisha yake yote baada ya swala anahesabu tasbihi kwa vidole vya mkono wa kulia, gumba linapita kwenye viungo vya vidole, na tangu augue mkono ule haukuwa umehesabu. Subhanallah 33, Alhamdulillah 33, Allahu Akbar 34, hiyo ni mia, na kila moja ni kufunga na kufungua kwa kujaribu mwenyewe, macho kwenye mkono, ulimi unatamka. Tivi haikuwashwa tena asubuhi. Nilikuwa nimesimama na sufuria ya uji mkononi na sikumbuki niliiweka wapi.

Mia asubuhi, mia baada ya alasiri, siku akiwa na nguvu mia nyingine usiku. Hatuzidishi kasi, kasi tumeweka ya chini kabisa ili apate muda wa kujaribu kabla glavu haijamfikisha, hiyo ni muhimu, ikiwekwa ya haraka mashine inamaliza kabla ubongo haujatuma hata salamu.

Mwezi wa nne wa glavu, siku ya Ijumaa, nimemvua glavu namfuta jasho, kidole cha shahada kikainuka. Kidogo sana, labda urefu wa punje ya mahindi, kikarudi. Nikadhani ni mkazo tu. Nikamwambia tena. Kikainuka tena. Akaniangalia na hakusema kitu, na mimi sikusema kitu, nikaendelea kumfuta mkono pole pole mpaka ukakauka.

Leo mwezi wa saba, hali ni hii, na naisema ilivyo ili mtu asinunue ndoto. Anafungua vidole vyote karibu nusu bila glavu, asubuhi zaidi kuliko jioni, akichoka ama kukiwa na baridi vinarudi kukunjana. Gumba linatoka nje. Anaweza kuweka kiganja juu ya ukanda wa ngozi akaukandamiza mezani usisogee, huku wa kushoto unakata. Kufunga kifungo cha shati hawezi. Kushika kisu kwa mkono wa kulia hawezi. Kalamu hawezi. Na siwezi kuapa ni glavu iliyoleta haya yote, manake muda nao unaponya, fizio anafanya kazi yake, na mimi namfungua kila siku kwa mikono yangu. Ninachojua ni kwamba mara mia mbili kwa siku nisingeweza kumfanyia bila hiyo mashine.

Ubovu wake sasa. Sauti ni kubwa kwa nyumba zetu hizi, tena inaongea Kiingereza kila ukibonyeza kitufe na kuipunguza sijui kama inawezekana, mi nimebandika plasta kwenye spika. Kijitabu cha maelezo kimeandikwa Kichina na Kiingereza cha kubahatisha. Betri mwanzo ilikuwa inakaa karibu saa mbili, sa hizi haifiki saa moja, na stima ikipotea basi zoezi limeahirishwa. Glavu hairuhusiwi kuloweshwa, na mkono wa kiharusi unatoa jasho, kwa hivyo tafuta glavu nyembamba za pamba za kuvaa ndani, mi nilipata Gikomba pea 50 bob, nafua kila siku. Ukimvua angalia ngozi, hasa kwenye viungo vya vidole na pale mkanda unapokaa, kama kuna wekundu usioisha upesi basi umekaza sana, mkono ambao hausikii vizuri hautakwambia unaumia. Bega likiuma simamisha kila kitu uende kwa fizio, na usimvute kamwe kwa mkono ule mgonjwa kumuinua kitandani, hilo halihusiani na glavu lakini naliona kila tukienda hospitali na linaharibu mabega ya watu.

Halafu mwezi wa tatu mrija wa kidole cha kati ulipasuka kwenye mkunjo, hewa ikawa inatoka ssss, kidole hakiendi popote. Dukani wakaniambia waranti haigusi glavu, inagusa kisanduku pekee, na glavu mpya ni 6,500. Nikaipeleka Kariokor kwa wenzake. Wale vijana waliigeuza wakaitazama kama kiatu cha mteja, wakakwaruza pale palipopasuka na msasa, wakapaka gundi ya soli, wakangoja ishike, wakafunga na kipande chembamba cha tyubu ya baiskeli kilichozungushwa mara mbili. Hawakuchukua hata shilingi. Kile kidole sasa ndo imara kushinda vingine vinne. Waliniwekea pia mkanda mpya wa kifundoni manake velkro ilikuwa imeisha meno, mwanzo wakaweka ngozi na bizimu ya chuma, kazi safi kweli, lakini fizio akaukataa, chuma juu ya ngozi isiyosikia ni hatari, wakabadilisha wakaweka kitambaa laini.

Kama huna pesa sasa hivi usikae ukingoje. Kabla ya glavu fizio alitufundisha zoezi la kioo cha kawaida, kioo cha shilingi 300, unakisimamisha katikati ya mikono miwili juu ya meza, mkono mgonjwa unafichwa nyuma, mtu anaangalia kwenye kioo mkono mzima ukifungua na kufunga, na ubongo unaona kama ni ule mgonjwa unaofanya, huku anajaribu na ule uliofichwa. Wazo lilianzia kwa V. S. Ramachandran huko Marekani miaka ya 1990 kwa watu waliokatwa mikono, likaja kwa kiharusi, na limefanyiwa utafiti mwingi. Ile modi ya tatu ya glavu imechukua jina lake hapo. Ukiniuliza kati ya glavu ya 11,000 isiyo na glavu ya pili na kioo cha 300, mi ningechukua kioo na zile nyingine ningelipa nauli za fizio.

Jioni siku hizi hatuivai glavu. Fizio alisema sasa vidole vikishafunguka hata kidogo, mkono mzima unyamazishwe ili mgonjwa alazimike kufanya kazi, kwa hivyo akiwa amekaa namvalisha soksi nene mkono wa kushoto, namuwekea bakuli la shanga kubwa za makubadhi mbele, azitoe kwa kulia azipeleke sahani ya pili. Akisimama kutembea naitoa, manake bakora anaishika na huo huo. Juzi alihamisha shanga tisa kwa muda ambao mi nilimenya viazi vya watu sita. Nyingine zilianguka chini ya kochi na wajukuu ndo wanaziokota.

Alama kama mnataka, kisanduku naipa 7 kwa 10, glavu yenyewe 5 kwa vile inapasuka, na duka siwapi kitu. Ambaye ako karibu na hapa na anataka kuiona kabla hajanunua aje baada ya alasiri, mzee hapendi kuonyeshwa lakini mgonjwa mwenzake humkaribisha mwenyewe. Na kama kuna mtu ako na glavu ya ziada ya hizi, L, mkono wa KULIA, hata kama imetoboka, tunanunua. Mafundi wataiziba.